Sufuria Iliyorudi Imejaa

Machi 2

Nesi wa Tororo ametuambia tuandike kila anachokula Arthur na kila anachokataa. Nimeanza leo, ingawa najijua: nikishika kalamu sitaishia kwenye chakula. Kazini kwa mawakala wa forodha naandika Kiingereza kutwa, mizigo ya watu na malori yao. Hapa nitaandika Kiswahili, lugha yangu na Norah. Yeye ni mtu wa Bungoma, na Kisamia chetu bado kinampiga chenga.

Alichokula: ukoko wa ugali wa mahindi, mkavu, kutoka kwenye sufuria yetu ile nyeusi. Maziwa baridi kwenye kikombe cha bati. Andazi la jana.

Alichokataa: vingine vyote.

Ana miaka mitano. Nesi alilitaja jina la hali yake: usonji. Alisema si ukaidi, wala si malezi mabaya. Kitu kinachoteleza, kilichochanganywa au chenye harufu kali, mdomoni mwake ni kama kaa la moto kwenye ngozi yetu. Tumpe anachokiweza, tumwongezee kidogo kidogo, tusimlazimishe. Norah alilia, na nilijua ni machozi ya kutuliwa mzigo. Mimi niliogopa. Tulipokuwa tunarudi Busia nilimwomba tusimwambie mtu kwanza. Ukoo wangu utasema ugonjwa umetoka kwao Bungoma, au utaniambia nioe mwingine.

"Tusiseme hadi lini?" aliuliza.

Nikamwambia hadi nitakapojua namna ya kusema.

Machi 3

Ukoko, maziwa. Mvua bado.

Machi 10

Tulikwenda Masinya kwa mama baada ya misa. Mama Benedeta ni mjane, anakaa peke yake kwenye boma la marehemu baba. Upande wa juu yupo baba mdogo Wandera, upande wa chini mdogo wangu Rasto na mkewe na binti yao Emmy. Mama alikuwa amesonga ugali wa unga wa wimbi na muhogo, mweusi, laini, na mboga ya mrenda pembeni. Kwetu hicho ndicho chakula. Vingine ni vya kupitisha wakati. Arthur aliona mrenda ukivutika kutoka kwenye upawa, akaziba pua, akaingia chini ya meza akapiga kelele mpaka Norah akamtoa nje.

Mama alicheka, akasema biskuti za Kenya zimemharibu mjukuu wake mdomo. Shangazi Daphine, dada wa marehemu baba, hakucheka. Alikuwa ananawa mikono.

"Watoto huona," alisema.

Hakuna aliyemuuliza huona nini. Nilikula kupita kiasi siku hiyo, kana kwamba tumbo langu lingemfidia mama.

Machi 16

Mvua ya kwanza. Malori yamepanga foleni hadi nje ya mji, madereva wamelala chini yake. Ukoko, nusu andazi.

Machi 21

Jirani yetu Amoit, Mteso kutoka Kwapa anayepika chapati mlangoni kwake, alimkuta Norah akikwangua sufuria.

"Mama Arthur, kumbe ni wewe naleta hii mvua yote," alisema. "Mutu akikula ukoko, siku ya arusi yake mvua nanyesha. Sasa huyu bwana arusi naoa lini, tujue kuanika nguo?"

Norah alicheka hadi akaketi. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo. Jambo moja nimeliona kwa Amoit: huuliza, hutania, kisha huenda zake. Hamwambii mtu afanye nini na mtoto wake.

Machi 26

Mama alikuja bila kutuarifu, na karanga za kuchemsha na mayai aliyoyafunga kwenye kanga. Nilikuwa nimetoka tu kazini. Arthur alikuwa mkekani na sahani yake ya ukoko, akiupanga vipande kwa ukubwa kama anavyofanya kabla ya kula.

"Hiki ni nini?" mama aliuliza.

"Ni chakula chake, Mama," Norah alisema.

"Ukoko ni wa mbwa na wa mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Ninyi mnakula ugali, mtoto mnampa makwangurio?"

Alimpandisha Arthur shati akatazama mbavu zake. Arthur hapendi kuguswa. Alijikunja kama jongoo. Mama akanigeukia mimi. Alisema kwa Kisamia, lakini Norah alielewa yote, kwa maana matusi ndiyo mtu hujifunza kwanza.

"Mke wako anamnyima mtoto wetu chakula na wewe umekaa unatazama. Nipeni nikae naye wiki moja. Njaa itamfundisha kula."

Norah aliniangalia. Neno nililokuwa nalo tangu Tororo lilikuwa mdomoni, limeshafika kwenye meno.

"Tutaona, Mama," nilisema.

Mama alipoondoka Norah alitia maji kwenye sufuria. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba leo ameitwa mchoyo ndani ya nyumba yake ili mimi nisione aibu.

Machi 31, Pasaka

Mama alichinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, na mwanamke haigusi. Tangu baba azikwe mama hunipa mimi, mwanawe wa kwanza. Leo hakunipa. Aliichukua kwa vidole vyake, akaipuliza ipoe, akaiweka kwenye kiganja cha Arthur mbele ya wote. Nilielewa. Alikuwa anaomba amani kwa njia anayoijua.

Arthur aliinusa. Kabla Norah hajamfikia, mama, kwa upendo, alimsukumia mdomoni. Akaitema. Kisha akatapika mkekani, juu ya sketi ya mama ya kanisani.

"Firigisi?" baba mdogo Wandera alisema. "Mtoto wa kiume atapike firigisi?"

Shangazi Daphine aliiokota kwa jani la mgomba akatoka nayo nje. Emmy pekee ndiye aliyeendelea kula. Ana miaka mitatu, alimaliza sahani yake na kuomba nyingine, na mama akampakata akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, akimwimbia. Nadhani alikuwa anajifariji.

Aprili 4

Mvua kutwa. Ukoko, maziwa.

Aprili 9

Nimemsikia mtu kwenye simu akimwambia Norah kwamba watoto wasioongea sana ndio huona zaidi. Alikuwa ni dada yake. Kumbe hadithi imeshavuka mpaka: kwamba Arthur hukataa chakula cha bibi yake kwa sababu anaona uchawi ndani yake.

Aprili 13

Emmy wa Rasto amefariki. Homa ilimshika, barabara ya kwao ilikuwa imekatwa na maji, na walipofika kituo cha afya malaria ilikuwa imeshampanda kichwani. Malaria. Wamempima, wameona. Rasto mwenyewe ndiye aliyenitamkia neno hilo. Naliandika ili nisilipoteze.

Aprili 15

Tumemzika Emmy kwenye tope. Kaburi lilikuwa linajaa maji, vijana wakiyateka kwa ndoo, na katekista akisoma haraka haraka.

Nitaandika yaliyofuata kwa sababu sitaweza kumwambia mtu.

Baada ya maziko wanawake wa nyumba mbalimbali walitoa vyakula, kila mmoja na sufuria yake, kama ilivyo desturi. Mama alitoa yake. Alikuwa amepika tangu usiku uliotangulia: wimbi, samaki mkavu kwa karanga. Watu walipanga foleni. Foleni ilifika kwa mke wa baba mdogo, ikafika kwa shangazi Daphine, halafu ikamzunguka mama kama maji yanavyozunguka jiwe.  Wengine walimsalimu kwa heshima zote, "Pole, mama," huku sahani wameziweka nyuma.

Mama alisimama na upawa mkononi. Alikuwa amempoteza mjukuu, na sasa alikuwa anahesabiwa kuwa ndiye aliyemla.

Nilikuwa na njaa. Nilikuwa na sahani. Nilitembea hadi mbele yake. Nimesoma, najua mbu, najua malaria, ningeweza kuichora kwenye karatasi ya mtihani. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye samaki yule, na nikamwona Emmy akilishwa kwa mkono Pasaka, na Arthur akitema. Mkono wangu haukuinuka.

"Nimeshashiba, Mama," nilisema.

Sahani yangu ilikuwa kavu. Aliitazama. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemruhusu mtoto aende kucheza.

Jioni nilimwona akirudi nyumbani na sufuria kichwani. Mtu akibeba sufuria tupu hutembea wima, anaongea njiani. Yeye alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Aprili 16

Ukoko. Maziwa. Sikwenda kazini, nimewaambia naumwa.

Aprili 20

Mama amepiga simu. Sikupokea.

Aprili 23

Mama amepiga simu. Norah alipokea. Waliongea kidogo, habari za mvua na mahindi. Nilimuuliza Norah kama haogopi. 

"Mama yako aliniita mchoyo," alisema. "Ni mkali na hanipendi. Lakini chakula alichotuletea mwezi wa tatu nilikila chote. Wewe ndiye unayejua Arthur ana nini. Unaogopa nini usichokijua?"

Nilidhani nimeoa mwanamke mpole. Kumbe ni mvumilivu tu, na uvumilivu una mwisho.

Aprili 30

Andazi la jana halikupatikana. Alikataa la leo. Ukoko.

Mei 6

Baba mdogo Wandera alinijia ofisini, buti zake za mpira zimejaa tope, akaketi kwenye benchi la wateja. Bosi wangu Obore alikuwa anatusikia. Baba mdogo aliongea kwa upole. Alisema ukoo umechoka kulala na hofu. Wazee wameonelea mama arudi kwa kaka zake Funyula, upande wa Kenya, akae huko, na nyumba ivunjwe. Lakini hawataki kumwonea mtu. Wanataka uthibitisho.

"Mlete mtoto Jumamosi," alisema. "Tutamwekea chakula cha mama yako mbele ya wote. Sisi wakubwa tuna chuki zetu. Mtoto hana."

Nilisema ndiyo. Obore alikuwa anatazama, simu zinalia, na ulimi wangu husema ndiyo kabla sijauuliza.

Norah alipoambiwa aliweka mwiko chini.

"Unamfanya mwanangu shahidi wa kumfukuza mama yako?"

Mei 7

Nimepata njia. Nimempigia baba mdogo, nikamwambia kwa haki kila nyumba ilete sahani yake, si mama peke yake, ili mtu asiseme tumempendelea au tumemwonea. Alifurahi. Alisema ndiyo faida ya kusomesha watoto.

Arthur atazikataa zote. Akizikataa zote, hakuna mchawi. Na mimi sitakuwa nimesema lolote.

Norah amesema atakuja, lakini si kwa sababu njia yangu ni nzuri.

Mei 11

Tulikusanyika nyumbani kwa mama. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata watu walilazimika kunyamaza inapozidi, wakitazamana, kisha kuendelea walipokuwa wameachia. Rasto aliketi karibu na mlango. Amekonda. Mkewe hakuja.

Sahani zilipangwa mkekani: ya mke wa baba mdogo, ya shangazi Daphine, ya nyumba ya Rasto, ya majirani wawili, na ya mama mwishoni. Zote wimbi, zote mboga au samaki. Hakuna aliyefikiria kupika kingine. Nani angeleta ugali mweupe wa mahindi kwenye jaribio kama hilo?

Norah alimketisha Arthur. Mvua ilizidi, tukanyamaza wote. Katika ukimya ule Arthur alizitazama sahani. Alianza na ya mke wa baba mdogo: akainusa, akaisukuma kwa kidole. Nikaona watu wakistuka. Akasukuma ya shangazi Daphine. Akasukuma ya Rasto. Akazisukuma zote, ya mama ikiwa ya mwisho, bila kuitofautisha na nyingine, kisha akaziba masikio kwa sababu ya mabati.

Nilitaka kutabasamu. Nilikuwa nimeshinda.

Mvua ilipopungua, hakuna aliyecheka wala kushusha pumzi. Mke wa baba mdogo alikuwa anamwangalia shangazi Daphine. Shangazi alikuwa anamwangalia jirani. Kila mtu alikuwa anaitazama sahani yake kama nyoka. Halafu, mmoja mmoja, macho yaliacha sahani yakamgeukia Arthur.

"Basi si vyakula," shangazi Daphine alisema. "Ni mtoto mwenyewe. Ana kitu ndani."

Hilo sikulipanga. Nilikuwa nimehesabu kwamba hofu ikigawanywa kwa wengi itaisha. Ilitafuta tu mahali pengine pa kulala, na ikampata mwanangu.

Baba mdogo alianza kusema juu ya maombi, juu ya mtu mmoja anayewafunga watoto wa namna hiyo hadi kitu kitoke. Norah alikuwa ameshambeba Arthur, amesimama. Mama naye alisimama. Alikwenda akajiweka kati ya Norah na watu, mwanamke yule aliyeletwa pale afukuzwe, akawapa wote uso.

"Semeni na mimi," alisema. "Mlikuja kwa ajili yangu. Mtoto muacheni."

Hapo ndipo niliposema. Sikusema vizuri. Nilisema Arthur ana hali inayoitwa usonji, amezaliwa nayo, tumeambiwa Tororo. Kwamba hakuona kitu kwenye chakula cha mtu yeyote. Kwamba mrenda humchoma, firigisi humchoma, na ukoko mliomlaumu Norah kwa ajili yake ndio uliomweka hai. Nilisema Norah hajawahi kumnyima chochote. Nilisema nilijua haya tangu mwezi wa tatu.

"Ulijua siku tunamzika Emmy?" baba mdogo aliuliza.

"Nilijua."

"Ukaacha mama yako asimame pale na sufuria?"

 Nilipiga magoti mkekani, nikavuta sahani ya mama. Ilikuwa imepoa, wimbi limeshika ganda. Nilimega, nikachovya, nikala.  Nilikula tena. Hakuna aliyesogea, na nilidhani nitaimaliza peke yangu, hadi nikaona mkono mwingine kwenye sahani. Ulikuwa wa Rasto. Hakunitazama. Alimega, akala, akatazama ukutani, machozi yakimshuka hadi kwenye chakula.

"Aliugua malaria," alisema. "Nilimbeba mimi. Niliwaambia wote."

Watu waliondoka bila kuaga vizuri. Shangazi Daphine alichukua sahani yake ikiwa imejaa. Baba mdogo alisema mambo ya Funyula yasubiri kwanza. Hakusema yamekwisha.

Tulipobaki nilimwomba mama msamaha. Alikuwa anakusanya sahani.

"Sikupika uniokoe, Edgar," alisema. "Nilipika ule."

Mei 12

Ukoko, maziwa, andazi la jana.

Mei 19

Nimempigia mama. Alizungumza na Norah.

Mei 27

Mvua inapungua. Malori yametembea. Mke wa baba mdogo amekutana na Norah sokoni, akavuka barabara asimsalimie. Amoit aliona. Alimfungia Norah chapati mbili, akamwambia ya kulipa ni kesho.

Juni 2

Mama alituita Masinya. Tulimkuta Rasto, mkewe amekwenda kwao. Norah alikuwa amebeba ukoko wa Arthur kwenye kopo la bati, na safari hii hakulificha kwenye mkoba. Alilifungua mbele ya mama.

Mama alichukua kipande, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza. Akamuuliza Norah anaacha sufuria motoni kwa muda gani baada ya kupakua. Norah akamweleza: moto mdogo, bila kufunika, hadi ujiachie wenyewe pembeni. Mama akasema wa wimbi hautaweza kuwa hivyo. Norah akasema hapana, Mama, hautaweza. Basi, mama akasema, na akakirudisha kipande kwenye sahani ya Arthur bila kumgusa. Arthur alikipanga mahali pake, kati ya kikubwa na kidogo, akaanza kula.

Kulikuwa na kuku. Mama alipakua kimya. Nilinyoosha sahani yangu kama mwanawe wa kwanza, sikufikiri, ni mkono uliozoea. Akanitilia bawa na mchuzi. Akamtilia Rasto paja. Halafu akatafuta kwenye chungu kwa upawa, akaipata firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Norah.

Rasto aliacha kutafuna. Katika nyumba ile hakuna mwanamke aliyewahi kuila, hata mama mwenyewe, aliyezichemsha maisha yake yote.

"Mama, hii ni ya..." Norah alianza.

"Ni ya anayelisha nyumba," mama alisema. "Kula, itapoa."

Norah aliniangalia. Nadhani zamani angengoja niitikie. Safari hii alinitazama tu ili aone uso wangu, kisha akaikata kwa meno, akaitafuna polepole, huku mama akimtazama hadi akameza.

Mimi nilikula bawa langu. Nilikula ugali wote, nikaomba mwingine. Mama alinipakulia, na sufuria ikabaki tupu.

Arthur: ukoko, wote. Maziwa. Hakuna mvua.